Nundu Juu ya Gunia

Hesabu yangu ya kwanza yenye maana niliifanyia juu ya gunia la viazi.

Mama alikuwa akilima viazi mviringo kwenye kipande cha ardhi nje kidogo ya mji wa Njombe. Kila msimu wanunuzi walikuja na magunia yao, kamba zao na sindano ndefu za kushonea. Gunia likijaa mpaka mdomoni, kwao lilikuwa bado. Kijana wa mnunuzi alisuka kamba kuzunguka mdomo, akapanga viazi vingine juu, akasuka tena, hadi gunia likaota nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ilikuwa ya gunia moja. Nundu ilikwenda bure.

Nikiwa kidato cha pili, niliazima mzani wa jirani aliyekuwa akinunua mahindi, tukapima gunia moja kabla halijapakiwa. Kilo 132. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Siku ile Mama alikuwa ameuza magunia 20, kwa hiyo nikazidisha 32 kwa 20 nikapata kilo 640, magunia sita na zaidi ambayo hakuyalipwa hata senti. Mama aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Kumbe kuna matuta ninayomlimia mtu mwingine."

Tangu siku hiyo nikajulikana nyumbani kuwa mtoto wa hesabu. Na kwa sababu hiyo, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mapema mwaka 2012, mwaka ambao Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa, kila mtu alikuwa na maoni juu ya wapi nipelekwe.

Shuleni kwetu tuliofaulu vizuri hisabati tulikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Jambo hilo halijabadilika sana. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wanaofaulu somo hilo kidato cha nne ni takribani mmoja kati ya wanne. Mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa miongoni mwa wale wachache, na wote wawili tulipangiwa kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Mwenzangu hakuwa na cha kufikiria. Alifunga sanduku lake la bati, akanunua ndoo na jembe, akaondoka.

Kwangu mimi kulizuka baraza. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa fundi wa reli Makambako. Alipanda kosta mpaka Njombe, kilomita 60 hivi, kwa ajili ya shauri hilo tu. "Dada," alisema, "huyu akienda kidato cha tano, miaka miwili yote inategemea mtihani mmoja. Akianguka, mkononi atabaki na cheti cha kidato cha nne. Akienda chuo, kila mwaka una karatasi yake. Mwaka wa kwanza astashahada, miaka miwili tena stashahada. Hata akikwama njiani, ana kitu."

Mwalimu wangu wa hisabati naye aliitwa. Alikunywa chai yake taratibu, akasema, "Mjomba wake amesema kweli. Ila kijana huyu akienda chuo sasa, atajifunza kutumia kanuni kabla hajajua zilikotoka. Ipo siku atahitaji kujua zilikotoka, na siku hiyo hatakuwa na mtu wa kumfundisha."

Wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitesa. Mama aliuliza swali moja tu: "Chuo kinalipiwa na nani?"

Wakati ule Bodi ya Mikopo haikuwa na mikopo ya stashahada. Kidato cha tano katika shule ya serikali kilikuwa na ada ndogo, chuo kilikuwa ghali kwetu mara nyingi zaidi. Lakini Njombe kila familia yenye ardhi ina benki yake mlimani, nasi tulikuwa na mipaini yetu. Marehemu Baba aliipanda nikiwa darasa la kwanza, akisema ni ya kusomeshea. Ilikuwa bado michanga. Mti wa kupasua mbao za maana ulihitaji miaka mingine mingi ya kusimama. Ile yetu ilikatwa ikauzwa kwa bei ya miti myembamba.

Nikiri hapa jambo ambalo sikulisema kwenye baraza. Nilichagua chuo kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na hisabati. Niliogopa mtihani wa kidato cha sita, na nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani na bahasha ya mshahara. Haraka na woga si washauri wabaya wakati wote, lakini mtu anapaswa kujua kuwa ndio walioketi kwenye kiti cha uamuzi. Mimi nilidai kwamba nilikuwa nimepiga hesabu.

Oktoba nilipanda treni ya TAZARA pale Makambako, upepo wa mji ule ukinipiga vumbi machoni. Kati ya Makambako na Mlimba reli inateremka ukingo wa nyanda za juu, na huko ndiko wajenzi wa miaka ya 1970 walikotoboa mahandaki mengi kuliko popote pengine katika reli hiyo ya kilomita 1,860. Mjomba alinipa kazi ya kuyahesabu. Alipenda kusimulia kuwa mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli, ilhali maelfu wengine walijifunza humu humu mahandakini, wakishika nyundo na kamba za kupimia. "Na reli ikapita," ndivyo alivyomaliza kila mara. Nilisinzia kwenye handaki la saba au la nane, hesabu ikapotea.

Chuo chenyewe kilikuwa Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Changanyikeni, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi zote mbili zinaanzia mwaka 1961, mwaka wa uhuru, na nadhani kuna busara katika hilo. Nchi changa ilihitaji wanasheria na wanazuoni, lakini pia ilihitaji mtu wa kuiambia ina watu wangapi na wanavuna nini. Sisi tulikuwa tunaandaliwa kuwa huyo wa pili. Tulijifunza kutunga dodoso, kuchukua sampuli, kukokotoa makosa ya sampuli, kusafisha takwimu kwenye kompyuta.

Mwenzangu wa dawati alikuwa akinipigia simu siku za likizo. Alikuwa amezama kwenye kile wanafunzi wanachokiita Advance: kalkulasi, vekta, namba changamano. Nilimtania, "Huku sisi tunahesabu watu. Nyie mnahesabu namba ambazo hazipo." Alicheka. Mimi nilicheka zaidi, na miaka mitano baadaye kicheko kile kilinirudia.

Mwaka 2015 nilimaliza stashahada. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, akapita JKT, akaingia chuo kikuu kwa mkopo, akisoma shahada ya sayansi upande wa hisabati. Alikuwa akisubiri bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, na kubebana chumbani na wenzake wakati mimi tayari nalipwa posho ya mdadisi, nikizunguka Njombe, Iringa na Ruvuma katika tafiti za kaya. Kwa fedha yangu ya kwanza nilimnunulia Mama mzani.

Kazi ile ilinifundisha jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Kule Makete, bibi mmoja niliyemuuliza nyumba yake hula mara ngapi kwa siku alinitazama, akaweka chini mwiko, akauliza, "Unataka jibu la mgeni au jibu la kweli?" Kila tarakimu iliyopo kwenye jedwali imeanzia mdomoni mwa mtu kama yule, na mtu yule ana sababu zake. Aliyeketi darasani tu hulisahau hili haraka.

Kwa hiyo kwa miaka miwili niliamini kuwa nimeshinda. Mwenzangu alikuwa bado na daftari, mimi nina mshahara.

Kisha nikagonga dari. Kila tangazo la kazi nililolitamani lilianza na neno shahada. Kwenye timu zetu, msimamizi alikuwa mwenye digrii, wakati mwingine mdogo kwangu kwa umri, akilipwa maradufu, na nami ndiye nikimwonyesha jinsi ya kupanga maeneo ya kuhesabia. Mwaka 2017 niliomba chuo kikuu kwa sifa linganishi, kwa GPA ya stashahada yangu, nikapokelewa.

Hapo ndipo nilipoiona nundu.

Marekani wana vyuo vya jamii, ambako mtu husoma miaka miwili ya mwanzo karibu na nyumbani kwa ada nafuu, kisha akahamia chuo kikuu, na masomo aliyofaulu yakahesabiwa. Huingia mwaka wa tatu. Kwetu, mara nyingi, mwenye stashahada huanzia mwaka wa kwanza, benchi moja na aliyetoka kidato cha sita jana. Miaka yangu mitatu ya Changanyikeni ilinifungulia mlango, lakini haikunipunguzia hata siku moja ya safari.

Na wale wa benchi moja walikuwa na kitu nisichokuwa nacho. Kwenye takwimu niliwapita wote, nikawa nawafundisha jioni. Kwenye kozi ya uchanganuzi wa kihisabati mhadhiri aliandika ubaoni: thibitisha kuwa mfuatano huu unakaribia sifuri. Niliangalia kulia na kushoto. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilijua kuwa unakaribia sifuri, nilikuwa nimeuona kwenye kompyuta mara elfu. Kuthibitisha maana yake nini? Jaribio la kwanza nilipata 6 kati ya 30. Lile onyo la mwalimu wangu, siku utakayohitaji kujua zilikotoka, lilikuwa limefika bila kubisha hodi. Wenzangu waliopata alama kama zangu walianza kutaja sapu, mtihani wa marudio.

Desemba nilikwenda Makambako kwa Mjomba. Mwenzangu wa dawati alikuwa huko, joho lake limerudishwa mwezi uliopita, digrii yake imo kwenye bahasha ya kaki, na ajira hazionekani. Alikuwa akimsaidia baba yake kwenye duka la mbao. Alipokuwa anavua joho, mimi ndio kwanza nilikuwa nimeingia mwaka wa kwanza. Nilidhani atanicheka, na alikuwa na kila haki.

Alichukua kipande cha mkaa na ubao wa futi 12. "Mfikirie mnunuzi mkorofi," alisema. "Anakuja kwa mama yako na kutaja kosa la mzani analoweza kulivumilia. Leo anasema kilo moja. Kesho anasema robo kilo. Keshokutwa gramu moja. Kazi yako si kubishana naye. Kazi yako ni kumwonyesha, kwa kila kosa atakalolitaja, kuanzia gunia la ngapi na kuendelea makosa yote yatakuwa madogo kuliko hilo. Ukiweza kufanya hivyo kwa kosa lolote atakalolitaja, umethibitisha."

Nilikaa juu ya rundo la mbao nikiwa nimenyamaza. Kitu ambacho mhadhiri alikiandika kwa herufi za Kigiriki kilikuwa viazi vya Mama. Tulifanya hivyo wiki tatu, upepo ukifuta mkaa na yeye akiandika upya. Nami nikamlipa kwa nilichokuwa nacho. Alijua nadharia ya uwezekano kuliko mimi, lakini hakuwahi kuona dodoso lililojazwa na mdadisi mvivu. Nilimfundisha namna ya kulinusa: umri wa watu wote unaoishia na sifuri au tano, majibu yanayofanana kutoka nyumba kumi mfululizo. Mwaka uliofuata alipata kazi ya muda kwenye utafiti, na mimi nikafaulu uchanganuzi kwa alama ambazo sitazitangaza.

Leo yeye ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Ili afike hapo, mwenye shahada alilazimika kurudi darasani kutafuta stashahada ya uzamili ya ualimu. Mimi nilimaliza shahada mwaka 2020. Nikihesabu miaka ya darasani tu, yeye alitumia mitano mpaka digrii, mimi sita. Tofauti ni mwaka mmoja. Watu huwa hawaamini ninapowaambia. Kule Njombe wanazungumza juu ya njia hizi mbili kana kwamba moja inakwenda Songea na nyingine Mbeya, na mkishapita njia panda ya Makambako hamtaonana tena.

Sisi tulionana tena mwaka 2022, kwenye sensa. Nilikuwa nasimamia makarani mjini Makambako, kila mmoja na kishikwambi chake, wakihesabu waliolala katika kila kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Matokeo yalipotangazwa, taifa lilikuwa na watu 61,741,120, na mkoa wetu 889,946, kutoka 702,097 wa mwaka 2012. Nilipoitazama tarakimu ile ya mkoa, niliona nyua, mbwa, na akina bibi wenye majibu mawili. Mwenzangu aligeuza risiti ya duka, akaandika mistari minne. "Ukuaji kama asilimia 2.4 kwa mwaka," alisema. "Ukibaki hivyo, baada ya miaka 29 hivi tutakuwa mara mbili." Kisha akauliza, "Unaziamini hizi namba?" Nami nikauliza, "Kanuni yako inachukulia nini?" Kila mmoja aliuliza swali la mwenzake.

Siku hizi vijana huniuliza, na wazazi wao zaidi. Siwaambii chuo au kidato cha tano. Nawaambia wapime gunia lote, pamoja na nundu. Kidato cha tano na sita ada yake ilifutwa mwaka 2022, lakini nundu yake ni ule mtihani mmoja, na baada yake ushindani wa mkopo. Mlango wa shahada hapo unataka angalau principal pass mbili. Stashahada nayo imekuwa nyepesi kuliko zamani zangu: tangu mwaka wa masomo 2023/24 kuna mikopo kwa fani za kipaumbele, ualimu wa hisabati ukiwamo. Nundu yake ni GPA, kwa kuwa ukishuka chini ya 3.0 mlango wa shahada unakuwa mwembamba, na ni ile hisabati ya kidato cha tano na sita ambayo hakuna atakayekurudishia. Anayekwenda chuo anunue vitabu vya Advance aondoke navyo. Anayekwenda kidato cha tano, likizo moja ajitolee mahali wanapohesabu kitu, hata kama ni magunia ghalani. Na kabla ya kulipa shilingi yoyote, mzazi ahakikishe chuo na kozi vinatambuliwa na NACTVET.

Kuna pia swali la ni hisabati ipi. Kuna mtu anayefurahi jibu linapotoka, na kuna mtu asiyelala mpaka ajue kwa nini limetoka. Wote wawili wana kazi nchini. Ila huyu wa pili ukimkata mapema kama mipaini yetu, utapata mbao nyembamba.

Mwaka jana binti wa jirani yetu alinikuta Njombe, nyumbani kwa Mama. Alimwamkia Mama, "Kamwene," kisha akaketi kwenye kigoda na karatasi ya matokeo mkononi. Ana B ya hisabati. Tahasusi siku hizi zimefika 65, na orodha ile ilikuwa imemchanganya. Wazazi wake wanataka chuo ili amalize haraka. "Anko, ungekuwa mimi ungechagua nini?"

Sikumjibu. Nilimwandikia kanuni ya kujumlisha namba kuanzia moja mpaka namba yoyote, nikamwambia atafute jumla ya moja mpaka mia. Alipata 5,050 kabla sijakaa vizuri. Nilidhani atanirudishia kalamu. Badala yake alibaki ameinamia karatasi. "Anko, lakini kwa nini tunagawanya kwa mbili?"

Nilianza kumweleza, Mama akaniwahi. Alikuwa uani na mnunuzi wa viazi, ule mzani wangu wa zamani ukiwa katikati yao, na gunia la mnunuzi lililokuja limeshasukwa kamba mdomoni kwa mazoea.

"Mwache ahesabu mwenyewe," Mama alisema, akimnyooshea yule mnunuzi kisu. "Na wewe, kata kamba kwanza. Tupime kilichomo."